Mwalimu aliyechora kwao akiwa mbali

Wiki hii zamu ya kuandika historia ni yangu. Wenzangu wameandika juu ya wafalme, vita na marais. Mimi nimechagua walimu wa kuchora. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mtaniambia kama hii habari haituhusu.

Mnajua kwamba Jumamosi tunawapa watoto karatasi na rangi, tunakaa nao saa mbili hivi. Kila mara swali linarudi lile lile: mtoto wa mkimbizi achore nini? Achore vita ambayo wazazi wake walikimbia? Achore kwao? Na kama kwao hajafika hata siku moja, juu amezaliwa Gasorwe ama Musasa, atachora kitu gani? Wakubwa wengine wanasema, waache wachore wanachotaka, ni michezo tu. Mimi naona si michezo. Na hili swali si letu peke yetu, kuna watu walihangaika nalo zamani, katika nchi hizi hizi za kwetu.

Tuanze Uganda. Mwaka 1935 alifika Kampala mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, pamoja na mume wake daktari. Kabla ya hapo walikaa Kenya tangu 1929. Mama huyo alisomea uchoraji London, kwenye shule inaitwa Slade, halafu akasomea ualimu kwa mwalimu mmoja maarufu, Marion Richardson. Mwaka 1937 akaanza kufundisha kuchora kwenye baraza ya nyumba yake, pale Mulago. Hakukuwa na jengo wala cheo, ni baraza tu. Kidogo kidogo lile darasa likaingia Makerere, likawa shule kamili ya sanaa, na leo jina lake bado linatajwa pale.

Njia yake ya kufundisha ndiyo nataka muishike, nitairudia mbele. Alijifunza kwa Marion Richardson kwamba mwalimu asiweke chupa ama ua mezani na kusema "chora hii". Mwalimu anasimulia. Anaeleza sokoni siku ya mvua, ama watu wanarudi shambani jioni, anaeleza rangi, mwanga, nani amebeba nini. Wanafunzi wanasikiliza mpaka picha inasimama ndani ya kichwa. Hapo ndipo wanashika burushi. Yaani picha inatoka kwenye neno, inapita moyoni, inafika kwenye karatasi. Kwa watu wetu ambao historia yao yote iko mdomoni mwa wazee, hii njia siyo ngeni.

Mmoja wa wanafunzi wa Makerere alikuwa Sam Ntiro. Alizaliwa 1923 Machame, kwenye miguu ya mlima Kilimanjaro. Alisoma, akamaliza, akabaki pale pale kuwa mwalimu. Baadaye akaenda London, akasoma Slade, shule ile ile aliyosoma Trowell. Sasa fikirini: kijana wa Machame yuko London, anazungukwa na picha kubwa za Wazungu, anafundishwa namna yao ya kuchora mwili wa mtu. Wengi wangerudi na mkono mwingine. Ntiro alirudi Makerere akaendelea kuchora Uchagani.

Na alichora nini? Hakuchora mashujaa wala wakubwa. Alichora migomba. Alichora watu wanakata kuni, wanalima pamoja, wanachunga, wanakwenda sokoni. Watu wake ni wadogo na ni wengi, sura zao hazitofautiani sana, maana mwenye picha si mtu mmoja, ni kijiji. Rangi ya kijani imejaa kila fasi. Kuna picha moja ya mwaka 1956, wanaume wanabeba pombe ya ndizi usiku kumpelekea bibi harusi. Ni ile pombe Wachaga wanaita mbege, na hapa Burundi tunayo ya ndugu yake, urwarwa. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na jumba la sanaa la kisasa la New York, lile wanaita MoMA. Mbege ya Machame ikafika Marekani bila kumwagika.

Angalieni vizuri kitu kimoja. Ntiro hakuwa amekaa Machame akichora. Alikuwa Kampala anafundisha, ama London anasoma. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, alitumwa London kuwa balozi wake wa kwanza pale, akakaa mpaka 1964. Kisha akarudi nyumbani, akashughulika na mambo ya utamaduni serikalini, na baadaye akafundisha tena, safari hii Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki 1993. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake kwao ilikuwa mbali. Hakuwa mkimbizi, hiyo ni kweli, yeye alikuwa na pasipoti na njia ya kurudi. Lakini kazi ya kichwa ilikuwa sawa na yetu: kuangalia kwenu wakati macho hayapaoni.

Mtu ataniuliza: huyo Ntiro si alichora raha tu? Wakati ule ukoloni ulikuwepo, kodi ilikuwepo, mashamba yalichukuliwa. Mbona kwenye picha zake watu wanafanya kazi kwa amani? Ni swali zuri, silikimbii. Tutalijibu tukishapita kwa watu wengine.

Wa kwanza ni Elimo Njau, mwanafunzi mwingine wa Trowell, Mchaga pia, amezaliwa Marangu mwaka 1932, naye akawa mwalimu. Huyu alipewa ukuta. Katika kanisa kuu la Waanglikana la Murang'a, kule Kenya, alichora picha tano kubwa za maisha ya Yesu. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Njau hakuchora mapanga. Alimweka Yesu katika nchi ya Wakikuyu, mweusi kati ya watu weusi, na vilima vya pale pale nyuma yake. Mjane aliyeingia humo kuombea mume wake aliona kilima anachokijua. Maumivu yamo ndani ya picha, lakini kwao pia pamo. Baadaye, mwaka 1965, Njau na wenzake wakafungua Nairobi nyumba ya sanaa inaitwa Paa ya Paa, na maneno aliyowarudilia vijana siku zote yalikuwa kuwakataza kuiga.

Sasa tuje upande wa Kongo, wengi wetu tumetoka huko. Baada ya vita ya pili ya dunia, mwaka 1946, Mfaransa mmoja aliyekuwa mwanajeshi wa majini, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Watu waliiita Hangar. Alikusanya vijana, akawapa rangi, akawaambia wasiige picha za Wazungu, waangalie vitu vinavyowazunguka. Kila mmoja akapata mkono wake. Bela, mtu wa Chad aliyefika Katanga akiwa mfanyakazi wa huyo bwana, aliacha burushi akachora kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi, kama nyuzi za mkeka. Na Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa 1914, mtoto wa mvuvi, mtu aliyekuwa anapaka rangi nyumba za mji, alichora samaki, ndege, nyoka na majani, kila jani na fasi yake.

Samaki wa Pilipili wananigusa sana. Yeye anaishi katika mji wa mgodi, mji wa moshi na treni, na mkono wake unachora mto wa baba yake. Sisi tunaokaa hapa pembeni ya Tanganyika, tunaokula ndagala na mukeke, tunaelewa.

Lakini historia haina sukari tupu. Wanunuzi wa picha za Hangar walikuwa Wazungu kwa wingi, na walipenda Kongo ya pori, ya wanyama na wawindaji. Mgodi haukuonekana. Kiboko cha mkoloni hakikuonekana. Mwalimu alisema "msituige", na hiyo ilikuwa zawadi kubwa, ila ile Kongo aliyotamani kuiona nayo ilikuwa ndani ya kichwa chake yeye. Alipofariki mwaka 1954, wachoraji waliingia katika shule ya sanaa ya mji ule. Pilipili na Mwenze wakawa walimu huko. Aliyekuwa anapaka kuta akawa anafundisha watoto wa wengine. Pilipili aliishi mpaka 2007.

Miaka ya 1970, katika mji ule ule, akatokea mwingine ambaye hakupita shule za namna hiyo, Tshibumba Kanda Matulu. Kama wachoraji wenzake wa mtaani, alichora juu ya mifuko ya unga, akauza kwa watu wa kawaida waweke sebuleni. Yeye alichora kile ambacho Hangar haikuchora: wafungwa wanapigwa wakati wa Wabelgiji, wachimbaji waliouawa, Lumumba amefungwa kamba. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya mia moja, historia yote ya Kongo kama alivyoielewa, na kumweleza mtafiti mmoja, Johannes Fabian, picha moja moja, kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili chetu hiki, ndugu zangu! Alijiita mchoraji na mwanahistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zikapotea.

Sasa turudi kwenye lile swali la raha. Nani alikuwa sawa, Ntiro mwenye migomba ama Tshibumba mwenye kiboko? Mimi naona wote wawili, na sababu ni moja: kila mmoja alichagua mwenyewe. Ntiro hakuambiwa na mtu "chora kijiji cha amani ili tukuonee huruma". Alichora watu wake wakifanya kazi pamoja, wakati wengine waliandika kwamba Mwafrika hana kitu. Tshibumba naye hakuambiwa "chora damu". Alichora kwa sababu alikataa historia isimuliwe bila yeye. Shida inaanza pale mtu wa nje anapokuja na picha yake kichwani, anakutafuta wewe na burushi yako uitimize.

Hii tumeiona kwetu. Kuna siku wageni fulani walikuja kukusanya michoro ya watoto. Walichukua yote yenye bunduki na nyumba zinaungua. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka kama tisa, alikuwa amechora ng'ombe watatu, shamba la mihogo na bibi yake amekaa mlangoni. Walimwambia ni nzuri, wakamrudishia. Jumamosi iliyofuata yule mtoto alichora bunduki. Nilimuuliza kwa nini, akajibu kwamba hiyo ndiyo inachukuliwa. Nyumbani kwao hawajui bunduki ile ilitoka wapi, juu yeye vita hakuiona, alizaliwa huku.

Ndiyo maana nimeandika. Mtoto anayetaka kuchora vita aliyoiona, tumwache, tukae karibu yake, tusimharakishe. Lakini tusimfundishe kwamba vita ndiyo kitu cha pekee alichonacho cha kuuza. Bibi aliyekaa mlangoni naye ni historia, sawa vile mbege ya Machame ilivyo historia.

Pendekezo langu ni dogo, halihitaji pesa. Tuchukue ile njia ya baraza ya Mulago. Kila Jumamosi tumwite mzee mmoja, wa Uvira, wa Fizi, wa Masisi, wa fasi yoyote. Akae mbele ya watoto asimulie kitu kimoja tu: namna walivyovuna, namna walivyovuka mto, rangi ya udongo wa kwao, sauti ya soko. Asihubiri, asimulie. Watoto wafunge macho, wasikilize, halafu wachore. Karatasi zikiisha, mifuko ya unga ipo, Tshibumba ametuonyesha. Nyuma ya kila mchoro tuandike jina la kijiji na mwaka ambao mzee anausimulia. Na kabla mchoro haujatoka mikononi mwetu, aulizwe mwenye kuuchora kama anataka utoke.

Na sisi wenyewe tunaosimamia, tuchore pia. Trowell, Ntiro, Njau, Pilipili, wote walifundisha wakiwa na kazi yao wenyewe mkononi. Mtoto akiona mkubwa anahangaika kutafuta kijani cha shamba la mama yake, ataelewa kwamba hii si kazi ya kupitisha muda.

Mzee wa kwanza nimeshaongea naye, ni fundi wa mitumbwi wa zamani, amekubali kuja Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Atasimulia namna mtumbwi unavyotoka ndani ya mti. Mwenye burushi ya ziada, ama mfuko wa unga mtupu, auandae. Nasubiri maoni yenu, hata yale ya kupinga.