Ramani ya Barafu Iliyoondoka Mlima Kenya

Mwaka 1893 mwanajiolojia wa Uingereza, John Walter Gregory, alipanda Mlima Kenya akiwa na wapagazi wa pwani. Msafara mkubwa aliokuwa amejiunga nao, wa kwenda Ziwa Rudolf (Turkana ya leo), ulikuwa umevunjika, naye akaamua kuingia bara kivyake. Kileleni hakufika. Lakini alirudi na hoja: marundo ya mawe aliyoyapita, mbali chini ya barafu ya wakati ule, yaliachwa na barafu yenyewe.

Si jambo dogo. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoona theluji Kilimanjaro, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London alikataa katakata kuamini. Sasa mtu anasema barafu ya ikweta si tu kwamba ipo, bali iliwahi kushuka mabondeni.

Alijuaje? Mto huchambua mzigo wake: mawe makubwa hubaki juu, kokoto husogea mbele, mchanga zaidi, tope mwisho, na kila jiwe husuguliwa hadi likapoteza kona. Barafu haichambui. Hubeba jabali na unga wa mwamba pamoja, na ikiyeyuka hutua vyote papo hapo, kama lori la taka likiinua tela. Ukikuta ukingo wa kijito umekatika, na jabali la ukubwa wa meza limezama katika udongo laini usio na tabaka, shuku barafu. Lakini shuku tu, maana mlima huu ni volkano ya kale, na tope la volkano likiporomoka huacha mchanganyiko wa namna hiyohiyo. Hapo mchora ramani hutafuta mawe yenye mikwaruzo, mwamba uliong'arishwa, na matuta yanayofuata kingo za bonde, kama yale ya bonde la Teleki.

Barafu kubwa kuliko zote mlimani Gregory aliipa jina la Lewis, yaani Henry Carvill Lewis, Mmarekani aliyefuatilia tuta la mwisho la barafu ya kale katika jimbo la Pennsylvania. Heshima ya fundi kwa fundi.

Sababu aliyoitoa Gregory, hata hivyo, haikudumu. Alidhani mlima ulikuwa mrefu zaidi zamani, ndiyo maana barafu ikashuka. Miaka ya 1930 Msweden Erik Nilsson alichora matuta ya milimani pamoja na fukwe za kale za maziwa ya Bonde la Ufa, akayaunganisha: enzi ya barafu milimani, enzi ya mvua bondeni. Ilikuwa hoja ya kupendeza mno. Vipimo vya kaboni vilipokuja, vikaonyesha kwamba maziwa ya Nakuru na Naivasha yalijaa sana miaka kama 9,000 iliyopita, barafu ikiwa imekwisha kurudi juu. Ramani yake ilibaki na manufaa. Kalenda yake ndiyo iliyoanguka.

Kazi haijaisha, kwa kuwa mlima unazidi kufunuka. Kati ya 1934 na 2010 barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mbele yake kuna mawe mabichi, bado hayajachakaa kwa jua na baridi, na watafiti huyapima sasa wakiyalinganisha na yale makongwe yaliyo chini zaidi bondeni.