Volti Zinazopungua Mezani kwa Fundi

Ufundi wetu hapa Kiloleli umetokana na redio. Wakulima wakishauza pamba walinunua mawe ya redio: moja volti 1.5, manne yakipangwa mstari yanatoa 6. Transista ya redio hizo uliishika kwa vidole. Mimi nimekulia kwenye simu, na kinachonivutia zaidi ni njia ya data kati ya tundu la chaji na chipu kuu.

Data hiyo hupita kwa USB. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000, ikipitisha megabiti 480 kwa sekunde, lakini ilirithi volti 3.3 kutoka USB ya 1996. Transista za chipu zilivyozidi kupunguzwa ukubwa, tabaka lake la kuhami umeme likawa jembamba mno kustahimili volti hizo. Mwaka 2014 kikaja kiwango cha eUSB2: chipu kuu inaongea kwa volti 1 au 1.2, na chipu nyingine karibu na tundu inapandisha ishara ili waya wa kawaida uielewe.

Chipu hiyo ni ndogo kuliko punje ya mtama. Ikiungua, simu huweza kupokea chaji huku kompyuta haiioni kabisa.

“Fundi, badilisha tundu tu,” mzee mmoja aliniambia.

“Subiri kwanza, baba, tupime.”

Tundu lilikuwa zima. Mafundi wengi hulibadilisha bila kupima, na mteja analipia kitu ambacho hakijaharibika, hilo linaniuma.

Mwaka 2024 ikafuata eUSB2V2, gigabiti 4.8 kwa sekunde, mara kumi ya ile ya zamani, volti zikibaki chini vilevile. Walioisubiri hasa ni watengenezaji wa kamera za ndani ya kompyuta mpakato.