Zaka kwenye njia ya misafara: Tabora tangu enzi za Kazeh

Novemba 1857 wavumbuzi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, katika Unyanyembe, palipo Tabora ya leo. Walifika hoi kwa maradhi. Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu wa ukoo wa Harthi, aliwapokea, akawahudumia na kuwasaidia kupanga safari ya kwenda Ujiji. Burton hakuwa mwepesi wa kusifu watu, lakini ukarimu wa Waarabu wa Kazeh aliuandika kwa shukrani.

Kumkirimu mgeni si zaka, ila vyote vina chemchemi moja. Sura ya Tawba, aya ya 60, inataja mafungu manane ya wanaostahili zaka. Mmoja wao ni msafiri aliyekwama, na Kazeh hakukosekana mpagazi aliyeachwa na msafara wake kwa ugonjwa. Fungu jingine ni la kuwakomboa watumwa. Hao nao walipita hapo hapo, wakielekezwa Bagamoyo pamoja na pembe za ndovu. Hapa ndipo historia ya Tabora inapouma: sehemu ya mali iliyopaswa kutakaswa kwa zaka ilichumwa kwa kuuza binadamu. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, wala si zaka iliyoumaliza.

Katika karne ya 20 utoaji ulianza kupata taasisi. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, iliyoundwa mwaka 1945 chini ya Aga Khan wa Tatu, imamu wa Waismailia, ilijenga misikiti na shule Afrika Mashariki. Waislamu walichanga, naye akaongeza kiasi kilekile. Serikali ya Tanzania iliipiga marufuku jumuiya hiyo mwaka 1968, na mwaka huohuo BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaundwa. Zanzibar, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inasimamia wakfu kwa sheria ya mwaka 2007.

Bara, zaka nyingi bado hutoka mkononi kwa mtu hadi mkononi kwa mtu, hasa Ramadhani: kilo mbili za mchele, noti moja, dua. Maskini hufuturu, kisha mwakani hurudi palepale. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Kishafi wa karne ya 13, alishaeleza kwamba fundi maskini apewe cha kununulia zana za kazi yake. Hiyo ndiyo zaka ya maendeleo, nasi tumeipuuza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mkulima wa Igunga, mkoani Tabora, aliyevuna gunia 20 za mahindi, za kilo 100 kila moja, kwa mvua tu, amepita nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolea zaka, ya takriban kilo 653. Zaka yake ni moja ya kumi, yaani gunia 2. Wakulima 50 wa namna hiyo katika msikiti mmoja wana gunia 100, tani 10 za nafaka.

Urambo na Kaliua, mkoani humohumo, wapo wakulima wa tumbaku wanaolemewa na mikopo ya pembejeo, na wenye madeni wametajwa katika aya ileile ya Tawba. Gunia zile zikikusanywa ghala moja, zikaandikwa daftarini mbele ya kamati inayoaminika, msimu mmoja unatosha kumlipia jirani deni na kumpa jembe la kukokotwa na ng'ombe.