Waandishi Kuwahukumu Waandishi Wenzao: Baraza la Goncourt na Suala la Haki, 1903–2021

Ni nani anayestahili kuipima kazi ya mwandishi? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba apimwe na mwandishi mwenzake, kwa kuwa aliyeshika jembe ndiye aujuaye uzito wake. Washairi wa pwani ya Waswahili walikuwa na njia yao ya kulitekeleza jambo hilo: shairi lilijibiwa kwa shairi, na mwenye kutaka kuitia ila kazi ya mwenziwe alilazimika kuweka yake hadharani. Mpimaji naye akapimwa. Nchini Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, ilibuniwa njia nyingine: baraza la waandishi kumi wanaokutana faraghani, wakapiga kura, kisha wakatangaza jina. Makala hii inaifuatilia historia ya baraza hilo kwa swali moja tu, nalo ni swali la haki. Tumelichagua kwa sababu wanafunzi wetu huvisoma vitabu lilivyovitukuza, na pia kwa sababu mgogoro wake ulio mzito kupita yote ulihusu kitabu kilichozaliwa ng'ambo ya mto Ubangi, jirani kabisa na nchi yetu.

Edmond de Goncourt alifariki mwaka 1896, miaka 26 baada ya mdogo wake Jules, ambaye walikuwa wakiandika pamoja. Katika wosia wake aliagiza mali yake iuzwe, na fedha zitakazopatikana ziwekwe kwa ajili ya jumuiya ya waandishi kumi. Kila mmoja wao angepata faranga 6,000 kwa mwaka, na kila mwaka wangetoa tuzo ya faranga 5,000 kwa kazi bora ya nathari ya kubuni. Aliwakataza wasiwe watu wa Académie française, ambayo aliiona kuwa imezeeka na kujaa wakubwa. Jamaa zake waliupinga wosia mahakamani, wakashindwa, na tuzo ya kwanza ikatolewa mwezi Desemba 1903 kwa John-Antoine Nau.

Mantiki ya wosia huo ni wazi: mwenye shibe hanunuliki. Hata hivyo, kuna jambo ambalo marehemu hakuliona. Alidhani tamaa ingeingia kupitia fedha za tuzo yenyewe, kumbe iliingia kupitia dukani. Kadiri miaka ilivyopita, faranga 5,000 zilipoteza thamani hata leo mshindi anapewa hundi ya euro 10, lakini kitabu kilichotajwa na baraza huuzwa kwa malaki. Kwa hiyo mwenye maslahi makubwa katika kura si mwandishi peke yake, bali pia mchapishaji wake. Na wapiga kura, kwa kuwa ni waandishi, nao wana wachapishaji wao. Hii ndiyo kasoro ya asili ya kila mashindano ambamo wenzi hupimana: ujuzi unaomfanya mtu afae kuhukumu unatoka mahali palepale panapotoka maslahi yake.

Lawama ya kwanza, lakini, haikuhusu fedha. Mwaka 1904 wengi walitazamia tuzo iende kwa Myriam Harry, mwandishi mwanamke, lakini baraza la wanaume watupu likampa Léon Frapié. Mwaka huohuo kundi la wanawake likaanzisha tuzo yake, ambayo baadaye iliitwa Femina, na Myriam Harry akawa mshindi wake wa kwanza. Baraza la Goncourt lilimpokea mwanamke wa kwanza, Judith Gautier, mwaka 1910. Lakini mwanamke wa kwanza kupewa tuzo, Elsa Triolet, alisubiri hadi 1945, ilipotolewa tuzo ya mwaka 1944.

Mwaka 1919 vita vilikuwa vimekwisha karibuni. Roland Dorgelès, aliyepigana, alikuwa ameandika juu ya maisha ya askari katika *Les Croix de bois*. Marcel Proust, mwenye umri wa miaka 48, tajiri na mgonjwa, alikuwa ametoa juzuu ya pili ya riwaya yake ndefu. Proust alipata kura 6, Dorgelès 4. Magazeti yakanung'unika kwamba tuzo iliyokusudiwa vijana amepewa mzee. Tena Léon Daudet, aliyempigania Proust barazani kwa nguvu, alikuwa rafiki yake, na juzuu iliyofuata, ya mwaka 1920, Proust aliitabaruku kwa Daudet huyohuyo. Sisi tuonavyo, hukumu ilikuwa njema na mwenendo wake ulikuwa mbovu. Watu huchanganya mambo hayo mawili, wakidhani kwamba kwa kuwa kitabu kimedumu basi kura ilikuwa halali. Dorgelès mwenyewe hakuwekwa nje daima: aliingia barazani mwaka 1929, akawa rais wake kuanzia 1954 hadi alipofariki mwaka 1973. Ndivyo baraza la wenzi lilivyo, aliyenyimwa jana huwa mnyimaji kesho.

Sasa tuje kwenye mwaka 1921. René Maran, aliyezaliwa 1887 kwa wazazi wa Guyana na kulelewa Bordeaux, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Ubangi-Shari. Riwaya yake *Batouala* inaeleza maisha ya mkuu mmoja wa Wabanda, na dibaji yake inawashutumu waziwazi maofisa wa kikoloni kwa ukatili na ulevi. Kura ziligawanyika sawasawa, 5 kwa Maran na 5 kwa Jacques Chardonne. Kura ya rais, Gustave Geffroy, iliyohesabiwa mara mbili palipokuwa na sare, ndiyo iliyoamua. Maran hakuwapo Paris; alikuwa kazini huko Chad.

Kelele zilizofuata hazikuwa za fasihi. Wapinzani walidai baraza limetoa tuzo kwa dibaji, si kwa riwaya. Wengine walikasirishwa na rangi ya mwandishi wakaificha hasira yao nyuma ya neno mtindo. Kitabu kilizuiwa kuenezwa katika makoloni, na Maran akaacha utumishi miaka michache baadaye. Je, shutuma ile kwamba kura ilikuwa ya siasa ina ukweli wowote? Huenda baadhi ya wale watano walivutwa na ujasiri wa dibaji. Lakini hatuna budi kuuliza pia juu ya wale watano wengine, kwani kukikataa kitabu kwa sababu ya dibaji yake ni siasa vilevile, ila hiyo haikuitwa kwa jina lake.

Liko swali jingine lililo zito zaidi, nalo hatujaona likiulizwa mara nyingi. Wenzi wa Maran walikuwa nani? Waamuzi kumi walijua nathari ya Kifaransa, wala hatuwezi kuwanyima ujuzi huo. Lakini kitabu kilijiita riwaya ya kweli ya watu weusi, na hakuna Mbanda hata mmoja aliyeulizwa kama ukweli huo ni ukweli. Hata Maran, pamoja na huruma yake yote, alikuwa miongoni mwa Wabanda mgeni mwenye mamlaka ya serikali. Hivyo kazi ilipimwa kwa nusu moja tu. Nusu ya pili, yaani uaminifu wa picha inayochorwa, haikuwa na mwamuzi mezani. Anayesoma *Batouala* leo katika madarasa yetu, akiijua nchi ile na desturi zake, anaweza kuwa mwenzi wa Maran kwa namna ambayo Geffroy hakuweza.

Ya mwaka 1932 tutayapita haraka, kwa kuwa yanajulikana. Céline alidhaniwa amekwisha kushinda kwa *Voyage au bout de la nuit* kufuatana na mkutano wa matayarisho. Siku ya kura tuzo ikaenda kwa Guy Mazeline. Lucien Descaves akatoka kwa hasira, na tuhuma za kura kununuliwa zikafikishwa mahakamani kama kesi za kashfa. Miongo iliyofuata, tuzo zilirudi mara nyingi mno katika nyumba tatu kubwa za uchapishaji, Gallimard, Grasset na Seuil, hata watu wakayaunganisha majina yao kuwa neno moja la dhihaka: Galligrasseuil.

Jaribio la kuvutia kupita yote halikupangwa na baraza. Kanuni inasema mwandishi hashindi mara mbili. Romain Gary alishinda mwaka 1956 kwa *Les Racines du ciel*, riwaya ya tembo wa Chad. Mwaka 1975 tuzo ilipewa Émile Ajar kwa *La Vie devant soi*. Ajar alikuwa Gary yuleyule, na ukweli huo ulithibitishwa baada ya kifo chake mwaka 1980. Baraza lilichekwa. Sisi twaona halikustahili kuchekwa kwa yote. Lilihukumu kitabu cha mtu lisiyemjua likakiona ni kizuri. Pengine ni mojawapo ya kura zake safi. Kilichoaibika ni ile imani kwamba mwenzi huitambua sauti ya mwenzi wake.

Marekebisho yalikuja yakiwa yamechelewa. Mwaka 2008 iliamuliwa kwamba mwamuzi asiwe mwajiriwa wa nyumba ya uchapishaji, na kwamba afikapo miaka 80 awe mjumbe wa heshima asiyepiga kura. Mwaka 2021 orodha ya kwanza ilikuwa na kitabu cha mwandani wa mwamuzi mmoja, naye mwamuzi huyo alikuwa ameandika gazetini uhakiki mkali juu ya kitabu kingine cha orodha hiyohiyo. Baraza likapiga marufuku vitabu vya wenzi wa ndoa, wapenzi na jamaa wa karibu wa wajumbe. Wajumbe wenye safu magazetini wakatakiwa wanyamaze kuhusu vitabu vilivyoorodheshwa. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo, miaka 100 baada ya *Batouala*, tuzo ilimwendea Mohamed Mbougar Sarr wa Senegali kwa kura 6 katika duru ya kwanza. Kitabu chake kilikuwa kimetolewa na nyumba ndogo ya Paris, Philippe Rey, pamoja na Jimsaan ya Senegali.

Tangu mwaka 1988 orodha ya Goncourt husomwa pia na wanafunzi wa shule za sekondari za Ufaransa, nao hutoa tuzo yao. Hawa hawana vitabu vyao sokoni wala mchapishaji wa kumridhisha. Mwaka wa kwanza walimchagua Erik Orsenna, yuleyule aliyechaguliwa na wale kumi, na mwaka 1995 wakakubaliana nao tena juu ya Andreï Makine. Miaka mingine karibu yote wamepita njia yao.