Pine inayoishiwa upepo polepole: tafuta shimo, tafuta pia kilicholitoboa

Pine ya pikipiki ikipasuka njiani, kila mtu anajua. Ile inayoishiwa upepo polepole ndiyo inadanganya. Jioni motari anaiacha ngumu, asubuhi anaikuta laini, anapiga pompi na kwenda kutafuta abiria. Kesho yake ni vile vile.

Kwa wamotari wa Alunguli, hilo si jambo dogo. Komini hii iko ukingo wa kulia wa mto. Kasuku na Mikelenge, komini zingine mbili za Kindu, ziko ng'ambo, na kuvuka ni kwa mtumbwi au boti. Anayeshika njia ya Kalima na pine imelegea akiwa amebeba mtu na mzigo, anaweza kuanguka kwenye kona, au kusukuma pikipiki mpaka usiku.

Kupoteza upepo kidogo kwa muda wa wiki nyingi ni kawaida, maana mpira wenyewe unapitisha hewa kidogo kidogo. Kulegea kwa usiku mmoja si kawaida.

Kuanzia wapi? Kwenye vali, kabla ya kufungua gurudumu. Mtu anaweka mate au povu la sabuni kwenye mdomo wake. Povu likivimba, kosa ni kile kipande kidogo cha ndani ya vali: kinakazwa, au kinabadilishwa. Hakuna haja ya kung'oa pine.

Kama vali ni nzima, kwado anatoa mpira wa ndani. Lakini kwanza anapiga alama ya chaki kwenye pine pale vali ilipo, na anakumbuka upande gani wa mpira ulielekea mnyororo. Bila alama hiyo, shimo likionekana, hatajua atafute mwiba sehemu gani ya pine.

Halafu mpira unajazwa upepo na kuzamishwa kwenye beseni la maji, sehemu kwa sehemu, bila haraka. Tundu dogo sana linatoa povu moja moja, kwa hiyo lazima kungoja maji yatulie na kuvuta mpira kidogo kwa mikono. Povu lililoganda juu ya mpira tu linafutwa kwa kidole: lisiporudi, si shimo.

Mahali pa shimo panasema sababu:

- Upande unaogusa pine: mwiba, msumari au waya. Pine ipanguswe ndani kwa kitambaa, si kwa kidole kitupu. Kitambaa kitakwama kwenye ncha.
- Upande unaogusa chuma cha gurudumu: kichwa cha spoki kimetokeza, kutu, au ule mkanda wa kufunika spoki umekatika.
- Mikato miwili midogo sambamba: pine ilikuwa na upepo kidogo, ikagonga jiwe au ukingo wa shimo la barabara.
- Kwenye shina la vali: mpira uliteleza ndani ya pine kwa kukosa upepo, vali ikavutwa. Hapo kiraka hakishiki vizuri, heri mpira mpya.
- Chini ya kiraka cha zamani: kole haikushika, mara nyingi kwa sababu mpira haukukwanguliwa vizuri au haukuwa mkavu.

Wengi wanaziba shimo na kuacha mwiba ndani ya pine. Siku mbili baadaye wanarudi kulipa tena, kumbe kiraka cha kwanza hakikuwa na kosa. Ndiyo maana, kabla ya kutoa franga, mteja amuulize kwado: ni nini kimetoboa? Kama jibu halipo, pine ikaguliwe tena, ndani na nje.

Kiraka kikikauka, mpira urudi majini mara moja kabla ya kufungwa. Na asubuhi inayofuata, pine ibonyezwe kabla ya abiria wa kwanza kupanda.