Mbu wa Kiangazi

Nyumba yenye mwembe uani haikosi kesi na mbu. Jua likikaza, watu wanahamishia mkeka kivulini, na mbu mwenye miguu ya madoa meupe anakuwa amewatangulia. Ushauri wanaopewa wenye nyumba ni uleule miaka nenda miaka rudi: fyeka nyasi, punguza matawi, lala ndani ya chandarua. Lakini huyu huuma zaidi mchana, asubuhi na alasiri hasa, wakati chandarua kimekunjwa. Na ukiukata mwembe utamnyima pa kupumzikia tu, kwa maana hazaliwi kwenye majani. Anazaliwa kwenye maji ambayo mara nyingi tumeyachota kwa mikono yetu wenyewe.

Jina lake la kisayansi ni Aedes aegypti. Ninasoma historia ya magonjwa yake kwa ajili ya tasnifu ya uzamili, na jambo lililonishangaza ni kwamba mbu huyu, tunayemhesabu kuwa mtoto wa masika, amefanya baadhi ya maafa yake makubwa pale maji yalipokuwa adimu.

Tuanze na majina, maana Kiswahili kimo katika historia hii tangu mapema. Mwaka 1870 homa ya kuvunja viungo iliikumba Zanzibar. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka homa kama hiyo kutoka mwaka 1823. Yeye aliamini kwamba neno dengue, linalotumika leo duniani kote, lilitokana na jina hilo. Wanaisimu hawajakubaliana naye wote. Baadaye, mwaka 1971, mtafiti Donald Carey alidai kwamba homa aliyoieleza Christie inafanana zaidi na ugonjwa mwingine kabisa: chikungunya.

Jina hilo la pili halina utata mkubwa. Ni la Kimakonde, na linaeleza mtu anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Liliingia katika vitabu vya tiba baada ya mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1955 Marion Robinson alichapisha maelezo ya wagonjwa, naye W.H.R. Lumsden akaeleza mazingira walimoishi. Makala ya Lumsden ndiyo iliyonifanya niache kuutazama uani kama suala la usafi peke yake.

Uwanda wa Makonde hupata mvua, lakini ardhi yake huyanywa maji mara moja. Juu hakuna mito. Watu waliteremka miteremko mirefu kufuata maji mabondeni, kisha wakapanda nayo, na mchotaji kwa kawaida alikuwa mwanamke. Maji yaliyopatikana kwa jasho hilo hayamwagwi. Yalitunzwa ndani ya nyumba, na mle mle Aedes aegypti akapata kila alichohitaji: maji yaliyotulia, kivuli, na watu wa kuwauma hatua mbili kutoka alipozaliwa.

Miaka 50 baadaye kisa hicho kilijirudia Lamu. Kati ya Mei na Julai mwaka 2004, chikungunya ilienea kisiwani kiasi kwamba uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha takriban asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Hapakuwa na mafuriko. Ulikuwa ukame, na joto lisilo la kawaida. Watafiti waliofuatilia walieleza kwamba huenda watu, kwa kukosa maji, waliyahifadhi majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha. Baada ya Lamu ugonjwa ulifika Mombasa, mwaka 2005 ukaingia Komoro, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 unaipeleka hoja hii nyuma zaidi. Asili ya mbu huyu ni misitu ya Afrika, alikotaga kwenye mashimo ya miti na kuuma wanyama. Watafiti walipolinganisha mbu wa sehemu mbalimbali za bara letu, waliona kwamba wanaopenda zaidi harufu ya binadamu wanatoka kwenye maeneo yenye kiangazi kirefu na kikali, pamoja na miji yenye watu wengi. Maelezo yao ni kwamba mashimo ya miti yalipokauka, maji yaliyobaki yalikuwa ya kwenye vyombo vyetu, na mbu akaja kuishi nasi.

Sasa linganisha na Havana. Mwaka 1901 jeshi la Marekani, chini ya daktari William Gorgas, lilituma wakaguzi nyumba kwa nyumba kutafuta viluwiluwi. Matangi yalifunikwa, madimbwi yakamwagiwa mafuta, mwenye nyumba aliyekutwa na viluwiluwi akatozwa faini. Katika miezi michache homa ya manjano ilitoweka mjini humo. Ulikuwa ushindi wa kweli, na ulijenga imani ambayo bado tunaishi nayo: kwamba mbu ni kosa la mwenye nyumba. Lakini huwezi kumtoza faini mwanamke aliyepanda mlima na mtungi kichwani, wala kumwambia amwage maji kila wiki, kama hujamwambia atakayojaza yatatoka wapi.

Hata hivyo, kuilaumu serikali pekee hakumzuii mbu wa kesho. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, wakati wa joto, huchukua kama siku 7 hadi 10. Kwa hiyo chombo kinachomwagwa na kusuguliwa mara moja kwa wiki hakitoi mbu. Kusugua ni lazima, kwa kuwa mayai hunata ukutani mwa chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja maji yarudi. Pipa la akiba lisiloweza kumwagwa lifungwe kitambaa kizito kisichoacha upenyo. Shimo kwenye shina la mwembe lijazwe mchanga. Vifuu, matairi na makopo viondolewe kivulini, maana maji huchelewa kukauka humo. Mwembe wenyewe uachwe. Miji yetu haina vivuli vya kuchezea.

Dar es Salaam ilipopata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, tulikumbushwa tena kusafisha mazingira. Ni sawa. Ila ningependa tangazo lijalo liwe na sehemu mbili: upande mmoja siku ya kusugua mapipa, na upande wa pili ratiba ya maji ya bomba inayofuatwa. Mtu mwenye uhakika kwamba maji yatatoka Jumatano hana sababu ya kuweka mapipa matano chini ya mwembe. Anaweza kubaki na moja, na hilo moja atalifunika.