Cheti cha Abercorn

Vita Kuu ya Kwanza ilifika Ziwa Nyasa kabla ya habari zake. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilitokea mbele ya Liuli, bandari ndogo ambayo Wajerumani waliipa jina la Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba uliofanana na lile sanamu kubwa la Misri. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa swahiba wa Rhoades, nahodha wa Gwendolen, na walizoea kunywa pamoja. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nchi zao zimeanza kupigana. Mzinga ulipolia, Berndt aliingia kwenye kimashua akamfuata mwenzake majini kumuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kwa sababu kinachekesha. Majina ya manahodha wawili yapo vitabuni, majina ya meli zao yapo, na hata makombora yaliyokosa shabaha yametajwa. Watu wa pwani ile waliokata kuni za kuchochea moto wa meli hizo hawamo. Ndivyo vita vile vilivyoandikwa tangu siku ya kwanza, na jambo hilo lilikuja kuwagharimu watu fedha, heshima na nishani kwa muda wa miaka hamsini na zaidi.

Liuli siku hizi iko katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na makao makuu yake ni Mbamba Bay. Juu yake ni milima ya Wamatengo, na mashariki zaidi ni Songea kwa Wangoni. Mapema mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea viongozi wa Kingoni waliopigana Maji Maji, akiwemo Nduna Songea Mbano. Baada ya miaka minane tu serikali ile ile ilihitaji vijana wa nchi ile ile, wengine washike bunduki na wengi zaidi wabebe mizigo. Msomaji wa leo anaweza kushangaa kwamba walikwenda. Wengi hawakuulizwa. Waliokubali kwa hiari walikuwa na sababu inayoeleweka: askari alilipwa mshahara mzuri kuliko kazi nyingine yoyote iliyokuwapo, na mbele ya askari hakuna aliyekuja kumnyang'anya mbuzi wake.

Mshahara huo ndio kiini cha habari hii. Kufikia nusu ya pili ya vita, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa likikimbizwa kutoka mto hadi mto, na fedha za kulipa hazikuwapo tena. Novemba 1917 lilivuka Ruvuma likaingia Msumbiji ya Wareno. Likazunguka huko miezi kumi likila mazao ya watu na kuteka risasi za adui. Tarehe 28 Septemba 1918 likavuka Ruvuma tena kurudi kaskazini, na njia yake ikapita Songea.

Hapo watu wakaanza kutoweka usiku. Lettow-Vorbeck mwenyewe analieleza jambo hilo katika kumbukumbu zake, na kwa mara moja mzee huyo mkali anaandika kwa upole. Anakiri kwamba ulikuwa mtihani uliopita uwezo wa binadamu kumtaka mtu ambaye hajaiona jamaa yake kwa miaka kadhaa apite katikati ya nchi yake moja kwa moja bila kusimama. Anamtaja mpagazi wake mmoja, Samarunga, aliyeomba ruhusa aende kijijini kwake karibu na pale. Alipewa. Akaenda, akarudi, tena akarudi na ndugu yake. Wawili hao wakaendelea na safari pamoja, mpaka ndugu huyo alipoamua kuondoka na Samarunga akabaki. Jina la Samarunga tunalijua kwa kuwa mkuu wa jeshi alimpenda. La nduguye halikuandikwa.

Sasa tazama kalenda. Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Habari zikamfikia Lettow-Vorbeck siku mbili tatu baadaye kwenye mto Chambeshi, na tarehe 25 Novemba akasalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Askari Waafrika waliokuwa naye siku hiyo walikuwa 1,168. Kwa kuwa hakuwa na fedha, kila mmoja aliandikiwa cheti kinachoonyesha kiasi anachodai. Kisha wakapelekwa Tabora kama wafungwa wa vita, wakati homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani ilipokuwa inapita.

Mtu aliyetoroka Songea mwanzoni mwa Oktoba, baada ya miaka minne ya kupigana, alikosa cheti hicho kwa wiki zisizofika nane. Kwa sheria ya jeshi yeye ni mtoro, na mtoro hana malimbikizo ya mshahara. Mtu aliyeandikishwa njiani miezi sita kabla ya Abercorn akabaki hadi mwisho, yeye alikuwa na karatasi mkononi. Sisemi hili kwa kumdharau wa pili. Nasema tu kwamba karatasi ile ilipima jambo moja peke yake: nani alikuwa amesimama uwanjani siku ile.

Waingereza waliochukua nchi nao walikuwa na hesabu zao. Askari wa King's African Rifles waliopigana upande wao walipata medali za vita, na ukingoni mwa kila medali, kwenye ule unene wake, mashine ilichonga namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Ukiishika medali ya namna hiyo huna haja ya kuuliza ni ya nani. Shida ilikuwa kwenye jina. Karani aliandika alivyosikia, na mtu aliyejiandikisha kwa jina la utani, au kwa jina la ukoo ambalo nyumbani hakulitumia, alibaki nalo jeshini hadi mwisho. Baadaye alipobatizwa kwenye misheni ya Peramiho au Kigonsera akapata jina la tatu. Watoto wake wakija kutafuta kumbukumbu zake, wanatafuta mtu ambaye kwenye daftari hakuwahi kuwapo.

Wapagazi ndio walioumia zaidi. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi wapatao 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wala si kwa risasi. Wengi hawakuwa na ndugu aliyeandikwa kwenye vitabu vya kambi, kwa hiyo mishahara yao ilihesabiwa kuwa haijadaiwa. Serikali za Kenya na Tanganyika ziliiomba London irudishe fedha hizo zitumike kwa manufaa ya wenyeji, na London ikakataa. Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam, ile iliyopo hadi leo kwenye makutano ya barabara katikati ya mji, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ni sanamu nzuri. Haina jina la mtu hata mmoja.

Mwaka 1953 Lettow-Vorbeck, akiwa na miaka 83, alirudi Tanganyika kutembea, na askari wake wazee wakampokea Dar es Salaam kwa wimbo wao wa zamani.  Alikufa Machi 1964. Mwaka huo huo Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa malimbikizo wale waliokuwa hai bado.

Ni vyema kukumbuka mwaka wenyewe. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi, Aprili ukaja Muungano, na tarehe 1 Septemba likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Nchi ilikuwa inaunda jeshi jipya, lisilo na mkoloni. Katikati ya hayo akaja afisa wa benki wa Kijerumani na sanduku la fedha, kuwatafuta askari wa Kaisari.

Kisa cha Mwanza kinasimuliwa hivi. Wazee wapatao 350 walijitokeza kwenye kituo cha malipo kando ya Ziwa Victoria. Wachache tu walikuwa na cheti cha Abercorn. Baadhi walileta vipande vya sare, wengine hawakuleta chochote. Yule afisa akafikiri, akachukua ufagio, akampa kila mzee mmoja mmoja, akatoa amri za kwata kwa Kijerumani. Ufagio ukapanda begani, ukashuka, ukaletwa mbele ya kifua, visigino vikagongana. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki ni kizuri kupita kiasi, na visa vizuri kupita kiasi hustahili kutazamwa mara mbili. Lakini mantiki yake ni imara, na nathubutu kusema kwamba katika serikali zote zilizowadai askari wa Afrika Mashariki ushahidi, huyu wa ufagio ndiye aliyeuliza swali la haki kuliko wengine. Hakumwambia mzee asiyejua kusoma alete karatasi aliyoitunza kwenye nyumba ya nyasi kwa miaka 46, penye mchwa na mvua. Aliuliza kitu ambacho mwenyewe hawezi kukipoteza.

Hata hivyo ufagio nao ulikuwa na upande wake mbaya. Mpagazi hakufundishwa kwata. Alibeba sanduku la risasi kichwani kutoka Ruvuma hadi Chambeshi, na hakuna amri ya Kijerumani ambayo angeweza kuiitikia ikathibitisha hilo. Halafu kuna umbali. Mtu wa Liuli ambaye angesikia habari za malipo mwaka 1964 angepanda milima kupitia Mbinga hadi Songea, avuke nchi nzima kuelekea kaskazini, akiwa na umri wa miaka sabini.

Vita vya Pili vilipokuja, Tanganyika ilitoa watu wapatao 87,000. Vikosi vya Tanganyika vya King's African Rifles vilipigana Abisinia dhidi ya Waitalia. Mwaka 1944 batalioni za 26 na 36 zilikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw kule Burma, kwenye mvua za monsuni ambazo magari hayakuweza kuzipita, hadi mto Chindwin. Safari hii makarani walikuwa wengi. Kila askari alikuwa na namba na kitabu cha mshahara, na magazeti ya Kiswahili kama Askari na Heshima yaliwafuata hadi kambini.

Lakini medali zilibadilika. Chukua Nyota ya Burma: ni nyota ya pembe sita, ya rangi ya shaba, ina herufi za Mfalme George wa Sita katikati, na utepe wake ni buluu nzito wenye mstari mwekundu katikati na mistari ya rangi ya machungwa pande zote mbili. Geuza nyuma. Ni laini, haina kitu. Serikali ya Uingereza iliamua kutochonga majina kwenye medali za vita hivyo, ili kuokoa fedha na muda. Afrika Kusini, India na Australia zilichonga za watu wao. Basi nyota iliyobaki kwenye kopo la mzee milimani Umatengo inaonyesha kwamba mtu fulani alikuwa Burma, na ni vigumu kuithibitishia ofisi yoyote kwamba mtu huyo ni yeye.

Ofisi ya medali ya jeshi la Uingereza bado inapokea maombi, hata ya warithi, kwa medali ambazo mtu alistahili na hakupewa. Inataka jina kamili, namba ya jeshi, kikosi na tarehe. Mjukuu mwenye kitabu cha mshahara cha babu yake ana vyote vinne kwenye ukurasa mmoja. Asiye nacho anaanza na vitabu vya ubatizo vya misheni, ambavyo havimpi namba ya jeshi wala kikosi.

Na hata aliyekuwa na kila karatasi hakulipwa sawa. Mwaka 2019 magazeti yalichapisha waraka wa mwaka 1945 wa kiinua mgongo cha askari walioachishwa: mzungu wa cheo cha chini kabisa katika makoloni ya Afrika shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, mweusi wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu. Hapo hakuna kumbukumbu ya kusahihisha. Kumbukumbu ziko sahihi, na ndizo zinazoonyesha ubaguzi.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Tangu hapo kazi ya kutafuta imeanza. Nchini Kenya zimepatikana fomu za askari wa Vita vya Pili zilizodhaniwa zimeteketezwa, zenye majina zaidi ya 3,000 ambayo Tume haikuwa nayo, na familia moja ya Ukambani imejua baada ya miaka 80 siku ambayo kijana wao alikufa mwaka 1943. Januari 2025 mnara ulifunguliwa Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua wa kijeshi wa Afrika Kusini, na wengi wao walifia kwenye kampeni hii hii ya Afrika Mashariki.

Majina ya Cape Town yalipatikana kwa sababu yaliandikwa wakati ule na daftari likasalia kwenye hifadhi. Kwa wapagazi wa 1917 na 1918 wa Songea, Umatengo na mwambao wa Nyasa, wanaotafuta wanaanzia mahali pengine kabisa: kwa wazee wa ukoo, wakiuliza ni babu yupi aliyekwenda na Wajerumani au na Waingereza, aliitwa nani nyumbani, na kama alirudi.